Pazia Katikati ya Sebule

Buyenzi, Bujumbura
28 Agosti 1994

Kwako unayeishi nyumbani kwangu,

Sijui jina lako, wala sijui kama ulikulia Burundi, Uganda, Zaire au Tanzania. Nikiandika Kifaransa huenda usinielewe. Nikiandika Kiingereza sitajielewa mwenyewe. Na Kinyarwanda, nasikia kila mmoja amerudi na chake. Basi naandika Kiswahili. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, nasi tulikulia Nyamirambo, na yeye alikuwa akisema kwamba barabarani Kiswahili hakimwachi mtu akalala njaa.

Naitwa Mukashema. Nyumba hiyo yenye mlango wa bluu, nyuma ya maduka ya Gisimenti hapo Kigali, ni yangu. Baba aliijenga chumba baada ya chumba, kila aliporudi salama kutoka safari. Mwanzoni mwa Aprili nilikuja Bujumbura kununua vitenge, nikikusudia kurudi wiki hiyo hiyo. Mume wangu na watoto niliwaacha wamesimama mlangoni. Yaliyowapata nimeelezwa na jirani yangu, bibi Nyirarukundo, ambaye Mungu alimficha. Ni yeye pia aliyenitumia habari kwamba sasa kuna moshi jikoni kwangu na nguo za watoto kwenye kamba.

Siandiki kwa ugomvi. Nasikia mwenye nyumba akirudi hurudishiwa nyumba yake, lakini sitaki kurudi na askari mlangoni. Nataka kujua mko akina nani, na kama mna pa kwenda. Nitarudi. Si leo, miguu bado haijakubali, ila nitarudi.

Dirisha la jikoni hupata jua kabla ya nyumba zote za mtaa. Nilikuwa nikisimama hapo na chai yangu wakati wengine bado wako kwenye ubaridi, najiona malkia. Bomba la uani hulia kama mbuzi kabla ya kutoa maji, msiogope. Na Jumapili mchana muziki wa baa za Gisimenti ukipanda mpaka kwetu, mume wangu alikuwa akicheza na ufagio uani, kwa sababu mimi nilikataa kucheza naye mbele ya majirani. Sijui kwa nini nilikataa.

Mpe jibu dereva aliyeleta barua hii. Niko kwa rafiki yangu Iteka, namsaidia kushona.

Mukashema


Remera, Kigali
9 Septemba 1994

Mama Mukashema,

Pole sana. Ni neno dogo, nimelitafutia kubwa zaidi siku kadhaa, sikulipata. Mke wangu Christella alisoma barua yako akaketi sakafuni, na chakula kikaungua.

Naitwa Melchior. Mimi ni Mnyarwanda wa Bujumbura, nimezaliwa Bwiza. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1959 na godoro moja kichwani mwa mama. Mwisho wa Julai nikapanda lori na mke wangu na watoto, nikaja nchi ambayo sijawahi kuiona lakini naijua kwa moyo kama sala. Sasa nachoma mishikaki kwenye baraza ya baa moja hapa Gisimenti. Hatukuichagua nyumba yako. Aliyekuwa akigawa nyumba alisema, "Wewe mbele, yeye nyuma, mtundike pazia katikati ya sebule." Huyo wa nyuma anaitwa Winifred, ametoka Uganda na watoto wawili.

Unauliza nani ana pa kwenda. Nikujibu bila kuzunguka: wao. Mama, tumerudi wote wakimbizi lakini hatukurudi sawa. Watu wa Uganda ndio waliopigana, na sasa ndio wenye ofisi. Mume wa Winifred ni ofisa wa jeshi, yuko kazini Ruhengeri. Yeye mwenyewe ni karani, jioni analetwa na jeep mpaka mlangoni. Wenzake wako kwenye majumba ya Kiyovu yenye bustani. Akisema neno moja tu, kesho amepewa nyumba nzima. Sisi wa Burundi tumebaki na nini? Kifaransa ambacho maofisini hakipendwi tena, na mikono ya kupika.

Na wewe uko kwetu! Christella ananicheka nikisema hivyo, lakini ndiyo kweli. Uko kwangu, niko kwako. Bado kuna wale wanaouza samaki wetu wa mukeke wa kuchoma karibu na ziwa, wanaokamulia limau juu mpaka unafumba macho? Saa ya jioni, maji yakibadilika rangi na milima ya Zaire ikijitokeza ng'ambo, mimi na rafiki zangu tulikuwa tunakwenda kungoja viboko watoke kula majani, halafu tunakimbia tukipiga kelele kama wajinga. Miaka yote ya utoto wangu baba alikuwa akililia Rwanda mezani, tukimwonea huruma. Leo niko Rwanda, nalilia Bujumbura mezani, na wanangu wananitazama vile vile.

Naomba unisaidie kitu kimoja. Mama yangu, Mama Cécile, alikataa kuja nasi. Yuko Bwiza, avenyu ya saba, nyumba ya matofali yenye roshani ndogo. Ukipata nafasi mpitie. Mwambie tuko salama, na vile viti vya mahameli alivyotupatia vimependeza sana sebuleni.

Melchior


Remera
12 Septemba 1994

Dada Mukashema,

Bibi Nyirarukundo aliniambia barua ya mwenye nyumba imekuja. Bwana Melchior hakunionyesha. Nilimwomba Christella, akanipa nikaisoma nikiwa nimesimama. Pole, dada. Sina la kuongeza.

Nisamehe Kiswahili changu. Kwetu Uganda watu walikiita lugha ya askari na majambazi, mama yangu alikikataza nyumbani. Mimi nilifundishwa na mume wangu, Benon. Alikuwa ananifundisha tukitembea, neno moja moja, na nikikosea anacheka mpaka anashika mti.

Sijui Bwana Melchior amekuandikia nini. Naweza kubahatisha. Kwa hiyo nakuandikia ninachokiona mimi. Watu wa Bujumbura walikuja na malori. Hawa walishusha viti vyekundu vya mahameli, friji, redio kubwa. Christella hatoki hata kwenda bombani bila hereni. Kila jioni harufu ya nyama inapita kwenye pazia, na Manzi na Trinah, wanangu, wanaacha maharage yao wanaelekeza pua huko. Wao walikulia mjini. Wana ufundi, wana ndugu wenye maduka, wanajuana wote. Ukienda sokoni, anayeuza kitambaa ni wa Burundi, anayeoka mkate ni wa Burundi, anayenyoa ni wa Burundi. Sisi tulikulia kambini, Nakivale. Nilikuja na sufuria mbili na vyeti vya shule. Wao wanaweza kupanga nyumba popote. Mimi nikitoka hapa na watoto, sijui. Mume wangu yuko mbali Ruhengeri.

Usinifikirie vibaya. Sisemi kambini tulikuwa na huzuni. Baba alikuwa na ng'ombe, si wengi. Asubuhi kulikuwa na ukungu, unasikia maziwa yakiingia kwenye chombo kabla hujamwona anayekamua. Tulikuwa maskini wote, kwa hiyo hatukujua. Nimejua hapa Kigali, kwa kusikiliza upande wa pili wa pazia.

Dirisha la jikoni liko upande wangu. Ni kweli, jua linakuja kwetu kwanza. Nasimama hapo na chai kabla ya kazi. Sasa nitakuwa nakukumbuka.

Winifred


Buyenzi, Bujumbura
2 Oktoba 1994

Bwana Melchior,

Nilikwenda kwa mama yako. Nisikufiche, sikwenda kwa sababu ya salamu peke yake. Wewe umeniandikia kwamba matajiri ni watu wa Uganda. Winifred ameniandikia kwamba matajiri ni nyinyi. Nikasema, acha niende Bwiza nikauone utajiri wa Bujumbura kwa macho yangu.

Ile nyumba ya avenyu ya saba nilibisha hodi, akatoka mwanamke nisiyemtarajia akaniambia, "Bibi huyo alituuzia mwezi wa Julai. Yuko kule nyuma, kwa fundi cherehani." Nikamkuta mlangoni mwa chumba cha uani, ndani kitanda, jiko la mkaa na picha ya Bikira Maria. Nilipomweleza wewe umenituma, kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga mlango ili nisitazame ndani.

"Mwambie nakaa karibu na kanisa," akasema. "Hilo si uongo. Kanisa liko pale."

Aliuza nyumba, Melchior, ili mpate lori na kitu cha kuanzia huko. Alikwambia ni akiba ya marehemu baba yako. Nilimwapia kwamba sitakwambia, na sasa nimekwambia, Mungu atanisamehe. Lakini wewe unaomba nyumba yangu, nami lazima nijue wanaoiomba.

Alinikaangia ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mafuta ya mawese, akaninyima kijiko mpaka nikanawa mikono kama mtoto. Tukakaa mpaka jua likaondoka uani. Akaniuliza, "Huko Kigali, wa kwetu na wa Uganda, nani yuko vizuri zaidi?" Nikamwambia, "Mama, hicho ndicho nilichokuja kukitafuta hapa kwako." Alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akaanza kunisimulia Rwanda aliyoiacha: asali ya baba yake, njia ya kwenda mtoni, majina ya ng'ombe. Mimi nikamsimulia yangu, ya mwezi wa Machi mwaka huu: foleni ya mkate Jumamosi, binti yangu akikataa kusukwa. Tulikuwa wanawake wawili tunasimuliana nchi mbili zinazoitwa kwa jina moja, na hata moja huwezi kupanda gari ukaifikia.

Sasa niambie ukweli, na Winifred aniambie ukweli. Nani kati yenu anaweza kunipisha?

Mukashema


Remera
17 Oktoba 1994

Dada Mukashema,

Barua yako ilifika Ijumaa. Bwana Melchior aliisoma, akaikunja, akatembea nayo mfukoni Ijumaa na Jumamosi yote. Jana baada ya misa alisimama nyuma ya pazia akasema hodi. Hajawahi kusema hodi. Nikasema karibu, akaingia na barua yako mkononi.

"Winifred, wewe uliandika kwamba sisi ni matajiri?"

"Na wewe uliandika nini?"

"Kweli tupu. Jeep iko yenu, ofisi iko yenu, nchi iko yenu!"

"Jeep ya bosi, Melchior! Ananileta kwa sababu nabeba kazi yake ya kupiga chapa, mashine ni nzito. Mshahara sijauona tangu nianze. Tunapewa maharage na mafuta ya kula. Ndiyo nchi yenyewe hiyo, maharage na mafuta."

"Na mume wako ofisa? Naye anakula maharage? Mwandikie aje akutafutie nyumba!"

Nilitaka kusema Ruhengeri. Nimelisema neno hilo mara nyingi, linatoka lenyewe. Jana halikutoka. Nikasema, "Benon alikufa mwezi wa sita, njia ya Gitarama. Hakuwa ofisa. Alikuwa sajini."

Dada, nimekudanganya na wewe pia. Nilifikiri mke wa mwanajeshi hakuna atakayemgusa, lakini mjane mwenye watoto wawili ataambiwa apishe kabla hajamaliza kukunja mkeka. Manzi anajua. Trinah bado nilikuwa sijamwambia. Nashukuru walikuwa kwa bibi Nyirarukundo.

Melchior alitazama viatu vyake. Christella ndiye aliyekuja, akanishika mkono akanivuta upande wao. "Njoo," akasema, "njoo uone mahameli."

Hakuna viti. Ziko alama za miguu ya viti sakafuni. Friji imeuzwa, redio imeuzwa, wanalala juu ya magunia waliyoyashona pamoja. Nikauliza, na nyama? Christella akafunua sufuria. Mifupa ya mbuzi, ile inayobaki baada ya kukata nyama ya mishikaki. Anaichemsha na kitunguu kingi.

"Nyama wanakula wa Gisimenti," akasema. "Sisi tunakula harufu. Nikajua mnatuonea wivu, nikazidisha kitunguu."

Nilianza kucheka. Sikutaka. Yeye naye akacheka, halafu tukawa tunalia, Melchior amesimama katikati hajui ashike nani. Nikamwuliza Christella, na hereni? Akazishika kwa mikono miwili. "Hizi alinipa mama yangu siku ya harusi. Hizi siuzi hata nikila majani."

Jioni nilileta maharage yangu, wao wakaleta mchuzi wa mifupa, tukachanganya sufuria moja. Trinah alikula mpaka akalala na mkono kwenye sahani. Leo asubuhi nilimwambia habari za baba yake, mbele ya dirisha lako, jua lilipofika.

Sasa unajua ukweli wa pande zote mbili. Amua wewe.

Winifred


Remera
30 Oktoba 1994

Mama Mukashema,

Tunaondoka sisi.

Nilibishana na Winifred siku nne. Mwanzo tulishindana kubaki, sasa tunashindana kutoka, ungetusikia ungetupiga. Yeye alisema, "Nitarudi Uganda kwa baba." Christella akamwambia, "Ukaanze kambi upya? Wewe unajua kupiga chapa, hujui kupiga tofali. Sisi tuna mikono." Ikaisha hapo, kwa sababu ukibishana na Christella akiwa amevaa hereni hushindi.

Kuna mzee mmoja, mteja wangu, amenipa pembe ya shamba lake kilimani Rebero, juu kabisa, nijenge vyumba viwili. Nami nitakuwa nachoma nyama kwenye harusi za watoto wake, na anao wengi. Nimeanza kufyatua matofali. Mvua inayaharibu, nafyatua mengine.

Kuhusu mama yangu, sijui niandike nini. Kila nikikalia sanduku ninalokalia sasa, namwona akifuta vile viti kwa kitambaa siku ya kuondoka, akisema nisiwaruhusu watoto kupanda na viatu. Mwambie nimeviuza. Hapana, usimwambie. Mwambie aje. Mwambie nilipokuwa mdogo niliona haya kwamba anaongea Kirundi kwa lafudhi ya Rwanda, na sasa hapa watu wananicheka kwamba naongea Kinyarwanda kwa lafudhi ya Burundi, na kila wakinicheka namsikia yeye.

Nyumba yako tutaiacha safi.

Melchior


Buyenzi, Bujumbura
13 Novemba 1994

Melchior, Christella, Winifred, wote watatu,

Juzi nilifunga mzigo. Iteka akanisindikiza mpaka kwenye mabasi. Nikakata tiketi, nikapanda, nikakaa dirishani. Kondakta alipoita, "Kigali, Kigali, mlango unafungwa," nikashuka. Ile ilikuwa mara ya pili, ya kwanza sikuwaandikia. Iteka hakunilaumu, alinibebea mzigo tu.

Niliona, ndani ya basi lile, nyumba yangu imefagiliwa, tupu, kila mlango wazi. Winifred, nakuomba wewe usiwafuate kutoka. Najua mnanitendea hisani kwa kunipisha, nami nashukuru, lakini sina nguvu ya kufungua nyumba ambayo hakuna mtu atakayeitika hodi. Kaa. Kaa na watoto wako, na kazi yako na mashine yako nzito. Tutaangalia huko mbele. Melchior, wewe jenga, kwa sababu najua unataka mlango ambao ni wako. Ila usikae mbali na sufuria ile.

Hapa Bujumbura hali si nzuri. Kuna siku mji wote unafungwa, maduka yanafungwa, tunakaa ndani tukisikiliza. Nawatazama Warundi wanaofunga mizigo sasa na kuuliza njia ya kwenda Kigali, kama sisi Wanyarwanda tulivyokuwa tukiuliza njia ya kuja hapa.

Mama Cécile ameniambia niandike maneno yake bila kupunguza. Haya hapa:

"Melchior. Najua umeuza viti. Ungekuwa bado unavyo ungeniandikia kwamba vimechafuka. Ulipoandika vimependeza nikajua vimekwenda. Hukukosea, viti si wazazi wako. Nyumba ilikuwa yangu, nimeifanyia nilichotaka, usinilizie. Lakini siji. Nilikimbia mara moja na godoro kichwani na wewe tumboni. Sihami tena kwenda mahali pasipo na paa. Mukashema huyu anakula vizuri sasa. Mwambie mkeo asiweke kitunguu kingi, kinaficha ladha."

Nimeandika yote. Nitajaribu basi mara ya tatu.

Mukashema


Remera, Kigali
19 Desemba 1994

Mama Cécile mpendwa,

Nimefika. Nilikuahidi nitakuandikia siku ile ile, sikuweza, nisamehe.

Nilishuka Gisimenti mchana. Kwa macho sikuitambua, baa nyingine zimechomwa na nyingine zina majina mapya na muziki wa Kampala. Miguu ndiyo iliyoitambua, ule mteremko na lile shimo mbele ya duka la kona. Nikabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Winifred akafungua. Ni mwembamba, mrefu, ana miwani. Akasema, "Karibu," halafu akashika mdomo. "Nisamehe, dada. Wewe ndiye wa kunikaribisha." Tukasimama pale, hakuna aliyejua nani atangulie. Mwishowe tuliingia ubavu kwa ubavu, na mlango ni mdogo.

Pazia tulilishusha siku hiyo hiyo, nikalifua, na nimewakatia watoto wa nyumba zote mbili mashati. Winifred anaondoka asubuhi, mimi nashona, Manzi na Trinah wakirudi wananikuta. Chumba kimoja, kile cha watoto wangu, bado sijakiingia. Winifred anapita mbele yake polepole kama mtu anayepita kanisani, na wala haniulizi lini. Siku ya kwanza nilimsikia Trinah akimwuliza Christella kama mimi ni wa Burundi au wa Uganda. Christella akamwambia, "Huyu ni wa hapa." Mtoto akanitazama kama mtu aliyetoka mbali kuliko wote.

Mwanao amekonda, lakini yuko mzima. Jana Jumapili tulipanda Rebero, Manzi naye, kumwezekea nyumba. Bosi wa Winifred alitoa ile jeep, imebeba mabati badala ya mashine ya kuandikia. Winifred alivua viatu vyake vya ofisi akakanyaga udongo na Christella mpaka magotini, bibi Nyirarukundo akikaa kwenye kivuli kutuambia tunavyokosea. Kufikia saa kumi bati la mwisho lilikuwa limepigiliwa, na mvua fupi ikaja ikalijaribu. Halikuvuja, mama. Hilo umelisikia kwa mtu aliyekaa chini yake.

Baada ya mvua hewa ikatakata, na kule juu unaona kila upande. Melchior alikuwa bado amekaa juu ya ukuta, nyundo mkononi. Akaielekeza kusini. "Bujumbura iko kule. Nyuma ya Bugesera, halafu unaendelea tu." Winifred akageuka upande mwingine akanyoosha kidole chenye matope. "Na kwetu kule. Ukivuka Kagera, unanusa maziwa."

"Maziwa!" akasema Melchior. "Sisi tulikuwa na mukeke, tulikuwa na umeme, tulikuwa na sinema!"

"Sisi tulikuwa na siagi. Mmewahi kuona siagi nyinyi? Baba akichinja, kambi yote inakula."

"Mama yangu alikuwa na nyumba yenye roshani!"

Wakaendelea hivyo, Christella akimsaidia mume wake na Manzi akimsaidia mama yake. Nilicheka, mama, kwa sababu mwezi wa tisa wote wawili waliniandikia kwamba mwingine ndiye tajiri. Jana kila mmoja aliapa kwamba tajiri alikuwa yeye, huko alikotoka. Ungewaamini wote wawili.

Kisha Winifred, bado anacheka, akanigeukia. "Na wewe, dada? Kwenu ni upande gani?"

Alijutia swali kabla halijaisha, nilimwona. Mimi niliangalia kusini, nikaangalia kaskazini. Halafu mkono wangu ukanyooka wenyewe kuelekea chini, Remera, kati ya mapaa yale mengi yaliyolowa, mpaka kwenye moja.

"Lile," nikasema. "Lile lenye moshi."

Tulikuwa tumewaacha Trinah na watoto wa Christella nyumbani wakichemsha maharage.

Mwanao mwingine, 
Mukashema